Tunahesabu Januari, Wanataga Kiangazi

Yai la ndege wa mchangani halina godoro. Hakuna majani wala manyoya, wala tawi la kulishikilia upepo ukivuma kutoka ziwani. Mama hulalia tumbo, hujizungusha mara kadhaa, na kishimo kinachobaki, upana wa sahani, ndiyo nyumba. Ndani yake kuna mayai mawili au matatu yenye rangi ya mchanga, yametapakaa madoa ya kahawia kama tope lililorushwa na gurudumu. Ukiwa hatua tatu kutoka hapo huyaoni. Hatua ya nne umeyakanyaga.

Ndege mwenyewe, kinyume na yai lake, haonekani kama aliyeumbwa kujificha. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo mwekundu wenye ncha ya njano. Wataalamu humwita Rynchops flavirostris. Waliosoma vitabu vya ndege kwa Kifaransa hapa Bujumbura wanamjua kama bec-en-ciseaux, yaani mdomo-mkasi, na jina hilo ndilo nitakalolitumia kwa sababu linamkaa sawasawa. Taya lake la chini ni refu kuliko la juu, umbo ambalo huwezi kulikuta kwa ndege mwingine yeyote nje ya jamaa zake wawili walio Asia na Amerika. Huruka chini kabisa, mabawa yakiwa juu ya mwili ili yasiguse maji, taya la chini likichana uso wa ziwa kama kisu kinavyochana kitambaa. Likigusa samaki, mdomo hufumba hapohapo. Kazi hiyo huifanya jioni, usiku na alfajiri. Wavuvi wa ndagala wanaokesha na taa zao ziwani wako kazini saa zilezile alizo kazini yeye.

Kifaranga akitoka yaini, mataya yake mawili yako sawa. Hilo la chini huja kurefuka baadaye, anapokaribia kuruka. Kwa wiki za kwanza ni kiumbe kidogo chenye rangi ya mchanga, kisicho na silaha wala mbio za kutosha, ambacho kikiona kivuli hujibana chini na kutulia tuli.

Kuna jambo moja la ndege huyu ambalo kila anayekanyaga ufukwe angepaswa kulijua. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mchanga wa ziwa huunguza nyayo. Yai likiachwa wazi hapo haliatamiki, linaiva. Basi mzazi huruka hadi majini, akalowesha manyoya ya tumbo, akarudi mbio kuyalalia mayai akiwa bado anachuruzika. Tumezoea kwamba ndege hulalia mayai ili ayapashe joto. Huyu mchana huyalalia ili ayapoze. Kwa hiyo anayetembea karibu na kiota saa hizo, hata kama hana nia mbaya, hata kama hakugusa kitu, amemfukuza mzazi na kuyaacha mayai juani. Dakika chache zinatosha.

Kutoka Buyenzi, mtaa nilikokulia na ambako Kiswahili hiki ndicho lugha ya baraza na soko, hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Rusizi ni mwendo mfupi kwa gari kwenye barabara ya Gatumba. Mto wenyewe umesafiri kilomita 117 kutoka Ziwa Kivu, ukipita kati ya nchi tatu, na hapa unaingia Tanganyika kwa mikono miwili, mkubwa na mdogo. Unachokibeba hukitua mdomoni: udongo wa milima, matete yaliyong'oka, na mchanga. Mchanga huo hujenga visiwa na ulimi ambao mwaka huu uko hapa, mwaka ujao uko pale. Mwaka 2002 delta hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na shirika la BirdLife limeiweka kwenye orodha yake ya maeneo muhimu kwa ndege. Mdomo-mkasi ni mmoja wa wanaotajwa hapo. Kwenye ufukwe huohuo wanaishi ndege wadogo zaidi wanaotumia mchanga kama yeye: chekeamwezi mwenye macho makubwa ya manjano, anayeshinda amelala kivulini na kulia usiku, na kitwitwi wa Kittlitz, ambaye akishtuka huyafunika mayai yake kwa mchanga kwa mateke machache ya haraka kabla ya kuondoka, kama mtu anayeficha hela chini ya mkeka anaposikia hodi.

Mgeni anayekuja Rusizi huuliza habari za viboko na mamba. Mamba mmoja wa hapa, Gustave, alivuma dunia nzima, akapigwa filamu, akaandikwa magazetini, na urefu wake ulibishaniwa na watu ambao hawakuwahi kufika Burundi. Sina neno na hilo. Mamba ni mnyama wa kutisha na mwenye haki ya kuheshimiwa. Lakini inaniuma kwamba mnyama mmoja alipata jina na wafuatiliaji, huku viota vya mchangani hatuvifuatilii kwa namna ya kutuwezesha kusema: kiangazi hiki vilikuwa kadhaa, vilivyoangua ni kadhaa, vifaranga walioruka ni kadhaa.

Kuna kuhesabu, bila shaka. Kila Januari, katika nchi nyingi za dunia, watu hujitokeza na darubini na daftari kuhesabu ndege wa majini katika sensa inayoratibiwa na Wetlands International. Ulaya walianza 1967, Afrika ikajiunga 1991. Ni kazi kubwa na nzuri, na mwezi haukuchaguliwa ovyo: Januari wageni kutoka Ulaya na Siberia wametulia kwenye makazi yao ya kusini, hawahamihami, kwa hiyo ukihesabu mara moja hupati ndege yuleyule mara mbili.

Ila Januari ni mwezi wa wageni. Hapa kwetu mvua huanza Septemba au Oktoba na kwenda hadi Mei. Ndiyo, katikati pana kiangazi kifupi, jua linachomoza wiki mbili tatu na watu wanaanika maharage, lakini maji hayashuki. Ziwa lenyewe hupanda hadi Aprili na Mei, halafu ndipo linaanza kupungua polepole, na hufikia chini kabisa mvua mpya zinapokaribia. Tofauti ya juu na chini katika mwaka wa kawaida ni karibu mita moja. Mita moja ya kimo haionekani kitu, lakini kwenye delta tambarare ni eneo kubwa la mchanga linaloibuka kuanzia Juni. Ndege anayetaga mchangani hungoja mchanga. Anataga kiangazi. Tukimhesabu Januari tutaona ndege aliyekomaa akipumzika na wenzake, au hatutamwona kabisa, na hakuna tutakachojua kuhusu uzazi wake.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Ndege wa jamii hii huishi miaka mingi. Kundi linaweza kuwa na ndege waliokomaa walewale mia kila Januari, kwa miaka kumi, na kila mwaka lisilee hata kifaranga mmoja. Daftari litasema hali ni shwari. Kisha wazee wataanza kufa, na kundi litaisha kwa miaka michache, na sisi tutasema limetoweka ghafla. Halikutoweka ghafla. Lilikoma kuzaa zamani, na daftari letu halikuwa na safu ya kuandika hilo.

Ndiyo maana kwa ndege wa mchangani idadi inayohitajika kwanza ni ya jozi zinazotaga, na ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni ya vifaranga wanaofikia kuruka.

Hesabu ya viota ina mtego wake, na aliyeutegua hakuwa profesa wa chuo. Harold Mayfield alikuwa mtu wa ofisi katika kampuni huko Ohio, Marekani, na ndege aliwafuata kwa mapenzi yake. Mwaka 1961 alichapisha makala fupi iliyobadilisha kazi hii. Alisema hivi: ukikuta viota kumi, na sita kati yake vikaangua, usikimbilie kusema asilimia 60 vimefaulu. Kiota kilichotagwa Jumatatu na kuliwa na kenge Jumanne hukukiona, kwa sababu ulifika Jumatano. Viota unavyovikuta ni vile vilivyokwisha kunusurika. Kwa hiyo usihesabu viota, hesabu siku: kila siku ambayo kiota kilikuwa chini ya macho yako, je, kilifika kesho yake?

Nitaifanya hesabu hiyo hapa maana inafumbua macho. Mayai ya mdomo-mkasi hulaliwa karibu siku 21. Tuseme kila siku kiota kina nafasi ya asilimia 97 ya kuiona kesho. Inaonekana ni salama mno; nani asingeipenda asilimia 97? Lakini izidishe kwa yenyewe mara 21 na katika viota 100 vinabaki 53 tu. Punguza usalama wa kila siku hadi asilimia 90, ambayo bado inasikika vizuri, na vinabaki 11. Na hapo ni mayai tu. Vifaranga bado wana wiki tano au sita za kukaa chini kabla ya kuruka. Mbwa mmoja aliyezoea kupita ufukweni kila alfajiri, au njia moja mpya ya ng'ombe kwenda kunywa maji, inatosha kuishusha 97 kuwa 90. Hakuna atakayeona maafa yoyote. Kila siku itafanana na jana.

Sasa, wa kulaumiwa kwa kukosekana kwa hesabu hizi si mtu mmoja, na sijaja kulaumu. Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE, iliyorithi kazi ya taasisi ya awali, INECN, mwaka 2014, ina hifadhi nchi nzima za kuangalia. Chama cha ABN, mshirika wa BirdLife hapa Burundi, ni chama cha watu wenye moyo. Na katika miaka ya 1973 hadi 1978 ndege wa maji wa bonde la chini la Rusizi walifuatiliwa na mtafiti aitwaye Gaugris, na matokeo yake yakachapishwa 1979 katika jarida la Ubelgiji, Le Gerfaut. Tuna pa kuanzia. Lakini delta ya 1978 si delta ya leo, na hapo ndipo moyo unaponienda mbio.

Ziwa limepanda. Mtu wa Bujumbura hahitaji kuelezwa. Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo zake na kuifunika Gatumba. Maelfu ya watu walihama nyumba zao, wengine kwa mitumbwi iliyopita katikati ya mitaa waliyokuwa wakitembea kwa miguu. Miaka iliyofuata maji yalirudi tena na tena, na Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa msaada kwa zaidi ya watu laki mbili walioathirika tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Fukwe tulizokwenda Jumapili tukiwa wadogo, tukicheza mpira kwenye mchanga mpana hadi mama akatuita kula mukeke wa kuchoma, nyingine zilikuwa chini ya maji, na miti iliyokuwa ikitupa kivuli ilisimama ndani ya ziwa kama watu waliosahau njia ya kurudi.

Kwa ndege swali ni hili: ziwa likipanda, ufukwe unahamia wapi? Katika maumbile haupotei, unarudi nyuma. Maji yanasogea mbele mita hamsini, na mchanga unatengenezwa upya mita hamsini ndani. Lakini ikiwa nyuma ya ufukwe kuna ukuta, kuna hoteli, kuna shamba, kuna jaa la kokoto zilizomwagwa kuzuia mawimbi, mchanga hauna pa kurudi. Unabanwa kati ya maji na saruji mpaka unakwisha. Sheria ya Maji ya 2012 iliweka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika zisijengwe. Ni sheria nzuri, na kwa ndege wa mchangani mita hizo 150 ni kila kitu. Lakini mita 150 kutoka wapi? Kutoka maji ya mwaka upi, ya mwezi upi? Bila rekodi ndefu ya kimo cha maji, kila mwenye kiwanja atakuwa na ziwa lake.

Ziwa hili lina historia ya kubishaniwa na watu wa mbali kuhusu mambo yaliyo wazi kwa wakaao kando yake. Mwaka 1858 wapelelezi kutoka Ulaya, Burton na Speke, walifika Uvira, ng'ambo ya pili tu ya delta, wakitafuta kujua kama Rusizi inatoka ziwani kwenda kaskazini, ikawe chanzo cha Nile. Wenyeji waliwaambia hapana, mto unaingia. Hawakufika kuona kwa macho, na huko Ulaya ubishi ukaendelea miaka kumi na mitatu. Novemba 1871 wapelelezi wengine, Livingstone na Stanley, walipanda mtumbwi kutoka Ujiji pamoja na watu wao, wakafika mdomoni mwa mto, wakatazama. Maji yalikuwa yanaingia. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa na Burton na Speke safari ile ya kwanza na sasa alikuwa kiongozi wa walinzi wa Stanley, aliishi katikati ya kisa hiki chote. Miaka michache baadaye mmisionari Edward Hore, aliyekuwa baharia kabla ya kuja Ujiji, aliweka alama za kupimia kimo cha ziwa, akaandika jinsi maji yalivyokuwa yakishuka mwaka baada ya mwaka kwa sababu kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, kilikuwa kimebomoka. Kijiti kilichosimamishwa majini na mtu wa kukisoma kila siku: wanasayansi bado wanaitumia kazi ya aina hiyo wanapotaka kujua ziwa lilikuwaje zamani.

Ninachokitaka Rusizi hakizidi sana hapo. Mtu aende, aone, aandike, na kesho arudi.

Arudi, lakini kwa adabu. Mtafiti mbaya wa viota ni hatari kuliko mbwa, kwa sababu mbwa hana ramani. Wanaoijua kazi hii huanza kwa kutokanyaga: hukaa mbali ndani ya mtumbwi au nyuma ya matete, na darubini ya miguu mitatu, wakihesabu ndege walioketi kwa namna ya anayelalia. Aliyelala usingizi hukaa legelege; anayelalia hukaa chini, kifua kimebanwa mchangani, na hubadilishana na mwenzake kwa zamu. Ikilazimu kuingia, ni asubuhi na mapema kabla mchanga haujawaka, dakika tano, na kutoka. Kiota hakiwekewi kijiti pembeni. Kijiti huwekwa hatua kadhaa mbali na kwa mwelekeo unaojulikana na mwandishi peke yake, maana kunguru hujifunza haraka maana ya kijiti, na watoto pia. Umri wa yai hujulikana kwa kulitumbukiza kwenye bilauri ya maji vuguvugu: jipya huzama na kulala, la siku kadhaa husimama wima chini, lililokaribia kuanguliwa huelea. Njia ya mama zetu ya kupima mayai ya kuku, ndiyo hiyohiyo. Hapo mtafiti anajua kiota kilianza lini na kitaangua lini, bila kurudi kila siku kukisumbua.

Na mchanga wenyewe unasema. Hakuna daftari bora kuliko ufukwe wa alfajiri ambao haujakanyagwa. Mkia wa kenge huacha mstari mmoja kati ya nyayo. Kiboko huacha mifereji miwili ya miguu mizito, na akipita juu ya kiota hana habari. Mbwa huenda moja kwa moja, ng'ombe huenda kwa kundi, mtu mzima huenda kwa mstari, mtoto huzungukazunguka. Kiota kitupu chenye vipande vidogo sana vya maganda ndani kimeangua. Kitupu kisicho na kitu kimeibiwa. Chenye ganda lililovunjwa na ute uliokauka kimeliwa papo hapo. Mtu akijifunza kusoma hayo kwa msimu mmoja atajua adui ni nani hasa. Bila hivyo tutajenga uzio dhidi ya wavuvi, kumbe mharibifu ni maji.

Maji hayo yana mikono mingi. Kwenye mto Zambezi, bwawa la Kariba lilibadilisha namna mto unavyojaa na kupungua, na visiwa vya mchanga vya mdomo-mkasi vikafunikwa kwa wakati usio wake. Kule Okavango, mawimbi ya boti za kasi yamezamisha viota vilivyo karibu na ukingo. Rusizi nayo ina mitambo ya umeme kule juu karibu na Kivu: Ruzizi I ya mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II ya 1989, na ya tatu ya megawati 206 imepangwa. Nchi zetu zinauhitaji umeme huo, watoto wanasomea vibatari. Ila mto unapofunguliwa na kufungwa kwa mahitaji ya mitambo, je, sentimita ngapi zinafika deltani, saa ngapi, mwezi gani? Kiota kiko sentimita ngapi juu ya maji? Maswali hayo mawili hujibiwa kwa kijiti kimoja chenye alama na daftari moja, mradi yaandikwe pamoja, siku ileile, mahali palepale.

India wamejifunza upande wa pili wa jambo hili. Kwenye mto Chambal anaishi ndugu wa mdomo-mkasi wetu, na huko tatizo mara nyingi ni maji kupungua mno: mto ukinywea, kisiwa kinashikana na bara, na mbwa na ng'ombe wanavuka kwa miguu hadi kwenye viota. Wahifadhi wa huko waliwaajiri wanakijiji wa kandokando kuwa walinzi wa viota kwa msimu. Mtu anakaa na koloni lake tangu yai la kwanza mpaka kifaranga wa mwisho, anafukuza mbwa, anaandika. Anayelinda ndiye anayehesabu. Sijasikia mpango mzuri kuliko huo kwa mahali kama petu. Pwani ya Atlantiki ya Marekani nako kitwitwi mdogo wa fukweni alilindwa kisheria mwaka 1986, akiwa na jozi zisizofika elfu moja. Watu walizungushia viota vyake kamba na vibao, wakahesabu vifaranga ufukwe kwa ufukwe kila kiangazi, na jozi zimezidi maradufu. Kamba, vibao, na watu wa kujitolea wanaoamka mapema.

Najua neno linalomjia msomaji, kwa sababu jirani zangu wamenitolea usoni: watu wa Gatumba wamelala kwenye mahema, wewe unalilia mayai ya ndege? Ni neno zito na sitaki kulikwepa. Lakini kijiti kinachomwambia mtafiti kwamba kiota kimebakiwa na sentimita 20 kabla ya kuzama ndicho kinachomwambia mama wa Gatumba kwamba mlango wake umebakiwa na kadhaa. Maji hayachagui. Anayeamka kila asubuhi kuandika kimo cha ziwa mdomoni mwa Rusizi kwa ajili ya ndege anakiandika kwa ajili ya watu pia, na ripoti yake inaweza kusomwa Kinindo, Uvira na Rumonge siku hiyohiyo. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyozaliwa na mkataba wa nchi nne wa mwaka 2003, ina makao yake hapahapa Bujumbura. Chuo Kikuu cha Burundi kina wanafunzi wa biolojia wanaotafuta mada za kuhitimu. Delta iko mlangoni mwa jiji. Sijui mahali pengine barani ambapo koloni la ndege wa mchangani linaweza kufikiwa na mwanafunzi kwa basi.

Na wapo wavuvi. Wao ndio wanaopita usiku na alfajiri, wanaojua kisiwa kipi kimeibuka na kipi kimezama, wanaojua ndege wale weusi na weupe hulala wapi maana ndio majirani wao wa kazini. Tukiwaita tu siku ya semina, wakapewa soda na kofia, tumewapoteza. Wapewe daftari, kalamu, malipo ya msimu, na heshima ya kuandikwa majina yao juu ya takwimu zao.

Nafasi ipo, na imekuja kutoka kwenye jambo jingine kabisa. Samaki wamepungua, na nchi za ziwa zimekubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu ya kiangazi. Upande wa Tanzania, mwaka 2024, uvuvi ulisimama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mitumbwi imeegeshwa, wavuvi hawana kazi, mchanga unaibuka. Hao ndio walinzi wa viota, na hiyo ndiyo miezi yao, na fedha ya msimu ingewafaa wakati nyumbani hakuna ndagala ya kuuza.

Ila tarehe zinahitaji kuangaliwa kwa makini na mtu mwenye rekodi ya viota mkononi. Yai lililotagwa Julai mosi huanguliwa Julai 22 hivi. Agosti 15, siku mitumbwi inaporudi majini na ufukwe kujaa nyavu, kelele na taa, kifaranga yule ana wiki tatu na nusu. Taya lake la chini ndiyo kwanza limeanza kulipita la juu. Anaweza kukimbia, anaweza kujibana mchangani. Kuruka bado.